Kimathi wa Shaba na Kimathi wa Kizimbani

Sanamu ya Dedan Kimathi iko tao, pale barabara yenye jina lake inapokutana na ile ya Mama Ngina. Kama umewahi kungojea mtu pale unaijua vizuri: bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili, nywele za msituni. Mwai Kibaki aliifunua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe Kamiti. Miezi minne baadaye, polisi wa serikali hiyo hiyo waliingia Mathare kusaka Mungiki, na kijana yeyote mwenye rasta akawa amebeba kesi kichwani. Nywele zikiwa za shaba ni heshima. Zikiwa nywele kweli, ni risasi.

Mungiki wenyewe hawakuwa malaika. Walikuwa wakiwatoza watu wa matatu kwa nguvu huku wakijiita warithi wa Mau Mau. Kwa hivyo mwaka huo mmoja, pande mbili zilizokuwa zikiwindana zilidai babu mmoja.

Kuna msemo tumeuzoea kwamba Wakenya tunasahau haraka. Siuamini. Nchi hii inakumbuka sana, na kila Oktoba 20 inakumbuka kwa gwaride na hotuba. Swali ni nani anaruhusiwa kuiuliza kumbukumbu maswali. Na ukitaka kuona vile hilo swali lilipiganiwa, rudi kwa tamthilia ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina tu: The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyotoka 1976 na kuja kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi.

Kwanza ujue iliandikwa kujibu nini. Kabla hata ya uhuru, Jomo Kenyatta alikuwa ameifananisha Mau Mau na ugonjwa ulioponywa. Baada ya uhuru wimbo ukawa kwamba sote tulipigania uhuru, kwa hivyo asidai mtu. Sote: aliyekuwa msituni na aliyekuwa homugadi, aliyepoteza shamba na aliyelichukua. Ni neno tamu la umoja, ila hesabu yake ni rahisi. Kama kila mtu alipigana, hakuna mtu anayedaiwa. Chama chenyewe, kilichopigwa marufuku na mkoloni mwaka 1950, kilibaki haramu hadi 2003. Kenyatta akapita, Moi akapita, na wazee wa msituni bado kisheria walikuwa wanachama wa kundi haramu.

Lakini usidhani serikali ilikuwa imesahau. Mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa, watu walisombwa kwa malori hadi Gatundu kula kiapo. Kiapo kilichowahi kuwaunganisha watu wasio na ardhi dhidi ya mkoloni sasa kilikuwa cha kulinda kiti cha rais kisitoke kwa jamii moja. Mtu aliyekula kiapo 1952 angeyatambua mengi, isipokuwa sababu. Ndivyo kumbukumbu inavyoibwa: maneno yanaachwa yalivyo, lengo ndilo linabadilishwa.

Halafu Machi 1975 J.M. Kariuki, aliyewahi kufungwa kizuizini kama mtu wa Mau Mau na kuandika kitabu kuhusu maisha hayo, akauawa. Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Mũgo wakapandisha Kimathi jukwaani katika National Theatre. Walikuwa wamesafiri hadi Karunaini, alikozaliwa, kusikiliza watu waliomjua. Walikuwa pia na ugomvi wa kifasihi. Kenneth Watene alikuwa ametoa tamthilia yake kuhusu Kimathi mwaka 1974, na Kimathi wake ni kiongozi mwenye shaka na ukatili. Wao walitaka Kimathi mwingine.

Na walimpata. Kimathi wao anageuza kizimba kiwe mahali pa kuishtaki mahakama. Anajaribiwa selini na wenye benki, wanasiasa na watu wa dini, na ukiangalia vizuri wanaomshawishi hawafanani na watu wa 1956 peke yake. Wanafanana na Nairobi ya 1976: mikataba, mikopo, hisa. Hiyo ndiyo nguvu ya tamthilia hii. Haimkumbuki Kimathi ili tumlilie, inamleta aulize nani alikula matunda. Na walioulizwa walisikia. Desemba 1977, baada ya tamthilia nyingine ya Ngũgĩ kule Kamĩrĩĩthũ, alikamatwa na kuwekwa Kamiti, jela ile ile aliponyongewa Kimathi.

Hapo kuna jambo linalonisumbua kila nikiisoma. Kimathi huyu hana doa. Udhaifu wake mkubwa ni kuwaonea wasaliti huruma, na huo ni udhaifu wa kujisifia, kama yule anayesema kwa intaviu kwamba kosa lake ni kufanya kazi kupita kiasi. Watunzi walikuwa na sababu: miaka ishirini ya matusi ya mkoloni haijibiwi kwa sauti ya chini. Ila shujaa asiye na doa ni rahisi sana kumwaga kwa shaba. Ukimwondolea maswali yake kuhusu benki na ardhi, kinachobaki ni mkao: bunduki, kisu, kidevu juu. Serikali ya 2007 ilichukua mkao, maswali ikayaacha kitabuni.

Mwaka 2017 mwanahistoria Julie MacArthur alichapisha nakala ya kesi yenyewe, ambayo kwa miaka mingi watu walidhani imepotea. Ndani yake kuna mtu aliyejeruhiwa kwa risasi, anayeshtakiwa kwa kupatikana na bastola, na anayejitetea kwamba alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Soma hiyo tena polepole. Labda ilikuwa kweli. Labda ilikuwa mbinu ya mtu anayetafuta njia ya kuishi mbele ya mahakama iliyokwisha kuamua. Vyovyote vile, huyu si yule wa jukwaani. Ngũgĩ na Mũgo waliandika utangulizi wa kitabu hicho hicho, na kwangu huo ni ujasiri: kusimama karibu na ushahidi usiolingana kabisa na shujaa uliyemjenga.

Je, Kimathi wa kizimbani anatupunguzia kitu? Naona anatuongezea. Mtu aliyeogopa kufa na bado alikuwa amekaa msituni miaka ile yote ni mzito kuliko sanamu. Tena ni mgumu kutumiwa. Huwezi kumsimamisha kwa jukwaa la kampeni, kwa sababu akifungua mdomo hujui atasema nini.

Angalia pia kilichowahi kuleta matokeo mahakamani. Wazee waliposhtaki Uingereza, kilichoivunja kesi ya serikali ile ni mafaili ya siri yaliyopatikana Hanslope Park, pamoja na wazee wenyewe kusema walifanyiwa nini, na wapi. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Pesa si nyingi ukigawanya. Lakini zilitokana na jina, tarehe na kambi. Mwaka huo huo ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Ikulu, na bado inangoja huko kwenye rafu.

Sasa sisi. Baada ya Juni 25, 2024 wengi walijiita wajukuu wa Mau Mau, na sioni ubaya. Kila kizazi kinahitaji babu. Ila tayari wanasiasa wameanza kusema nao walikuwa upande wa vijana, na mkono uliopiga na uliopigwa umeanza kuitwa "sisi Wakenya". Sote tulipigana, toleo jipya. Usishangae siku moja kukiwa na mnara wa Gen Z na rais fulani akikata utepe.

Wasanii wetu wameshaanza kazi, na michoro ya ukutani na nyimbo zimejaa ngumi juu na bendera. Ziendelee. Lakini ningefurahi kusoma tamthilia yenye msee aliyekimbia siku hiyo na hajawahi kuambia mtu. Yenye mama anayezunguka mochari tatu. Yenye namba ya OB na jina la kituo. Mkao wataweza kutunyang'anya, kama walivyomnyang'anya Kimathi. Namba ya OB ni ngumu kidogo kuimwaga kwa shaba.