Nyumba ya Sita: Adui, Deni na Ugonjwa

Afrika Mashariki ilizoea kutabiriwa na Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 2011. Siku hizi simu zinatuletea pia unajimu wa Kihindi, wenye nyumba 12. Kwenye vikao vya vijana hapa Bujumbura nasikia nyumba moja ikitajwa kwa woga: ya sita. Eti ukiwa na mkosi, sababu iko humo.

Wahindi wanaiita Ari Bhava, nyumba ya adui. Wanasoma humo adui, deni na ugonjwa. Aliyeviweka pamoja alijua maisha. Mtoto anashikwa na malaria, mama anakopa falanga za dawa, deni linachelewa, na jirani aliyekopesha anaacha kusalimia. Vitatu hivyo vinatembea pamoja kweli.

Lakini kitabu chao kikubwa, Brihat Parashara Hora Shastra, kinasoma mambo ya mjomba katika nyumba hiyo hiyo. Hakisemi kwamba mjomba ni adui. Ila kijana aliyesomewa haraka haraka hasikii tofauti. Sasa sisi tuliovuka Ruzizi, wangapi tulipokelewa na mjomba? Unamfanya mtu amchunguze yule anayempa ugali.

Tena nyumba zinahesabiwa kuanzia nyota iliyokuwa inachomoza saa uliyozaliwa, na hiyo inabadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kati yetu wako wengi wasiojua hata siku. Karatasi zao zimeandikwa tarehe 1 Januari. Anayekusomea nyumba ya sita bila kujua saa yako, anakusomea nyumba ya mtu mwingine.

Kuna jambo zito zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, waliuawa wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na watoto. Hawakuzaliwa mwezi mmoja wala saa moja. Adui yao hakuwa sayari. Walikuwa watu wenye silaha, na mtu anaweza kuulizwa mbele ya sheria. Ukiiachia nyota kesi hiyo, muuaji anapata raha.

Hata hivyo, wasomaji wa nyota wanaficha nusu ya somo. Elimu hiyo hiyo inaihesabu nyumba ya sita pamoja na ya 3, ya 10 na ya 11, kundi linaloitwa upachaya, yaani nyumba za kukua. Mambo yake yanatengenea polepole, kwa muda na kwa juhudi. Mirihi na Zohali, sayari zinazoogopwa sehemu nyingine, hapo zinahesabiwa kuwa na faida, kwa sababu zinampa mtu nguvu ya kupambana. Kumbe nyumba ya adui ni nyumba ya kazi pia! Nusu hiyo haitajwi kwa sababu mtu asiye na hofu harudi kusomewa mara ya pili.

Mimi siamini kwamba sayari inajua deni langu. Lakini wewe unayeamini, mdai msomaji wako somo zima. Halafu ukitoka hapo, kamtafute uliyemkopa mkubaliane siku ya kulipa, mpeleke mgonjwa kwenye kituo cha afya, na mjomba umsalimie kama kawaida.