Mkwaju wa Tano

Usiku wa tarehe 6 Februari 2022 saa sita ilikuwa imeshapita, na kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu hakuna aliyeondoka. Senegal na Misri, fainali ya AFCON kule Yaoundé, dakika 120, bila kwa bila. Sasa matuta. Pembeni yangu alikaa jamaa anayefundisha watoto mpira kila jioni, filimbi ingali shingoni. Sisi wengine tulikodolea macho makipa. Yeye alikuwa akigombana na luninga. "Watuonyeshe kocha bwana! Nyie mnatazama miguu. Mimi namtaka yule mwenye rasta."

Mwenye rasta ni Aliou Cissé. Tarehe 10 Februari 2002, mjini Bamako, ndiye aliyekuwa nahodha wa Senegal katika fainali kama hiyo, dhidi ya Cameroon, nayo ikaishia kwenye penalti. Mkwaju wa mwisho ulikuwa wake. Kipa Boukar Alioum akaudaka, kombe likaenda Cameroon. Mwezi Mei mwaka huohuo Cissé aliiongoza Senegal kuifunga Ufaransa, bingwa mtetezi wa dunia, 1-0 kule Seoul, wakafika robo fainali. Kisha Septemba 26 meli ya Joola, iliyotoka Ziguinchor, mji wa kwao, ikielekea Dakar, ikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 1,800, na zaidi ya kumi kati yao walikuwa jamaa zake. Anayeikumbuka MV Bukoba ya 1996 hahitaji kuelezwa zaidi. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja, kwa kijana wa miaka 26.

Uwanjani alikuwa kiungo mkabaji. Kazi ya fagio hiyo: wenzako wakimwaga, wewe unazoa, na gazeti la kesho halikutaji. Nina dhana yangu kwamba namba hiyo ni nusu ya ukocha, maana unacheza ukiwa na mgongo wa kila mtu mbele yako. Najua dhana yenyewe ina matundu. Emmanuel Amunike alikuwa winga, akafunga magoli yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Afrika ya 1994, na ndiye aliyeirudisha Taifa Stars AFCON mwaka 2019 baada ya miaka 39. Basi tuseme tu kwamba Cissé alianza kufundisha kabla hajavua viatu.

Alikabidhiwa kwanza timu ya vijana chini ya miaka 23, kisha mwaka 2015 akapewa ya wakubwa. Ufundi huu una taabu moja ambayo seremala haijui: chombo chako ni mtu, na mtu ana siku zake. Huwezi kumnoa kama randa. Kwenye Kombe la Dunia kule Urusi mwaka 2018 Senegal na Japan zililingana kwa kila kitu, hata zenyewe zilipokutana zilitoka 2-2, ikabidi zihesabiwe kadi za njano. Japan nne, Senegal sita. Akatolewa kwa kadi yeye, ambaye enzi zake Birmingham alikuwa mteja mzuri wa waamuzi!

Mwaka uliofuata, kule Misri, tulimwona kwa karibu. Kundi lake lilikuwa na Tanzania na Kenya. Akatufunga 2-0, akawafunga jirani zetu 3-0. Lakini siku ile ya Kenya kipa wao, Patrick Matasi, alidaka penalti ya Sadio Mané, na hatua iliyofuata Denis Onyango wa Uganda akadaka nyingine. Mané akaziweka penalti chini. Nusu fainali na Tunisia ilipopatikana moja, akapiga Henri Saivet, akakosa naye. Fainali wakafungwa na Algeria.

Sasa turudi Yaoundé. Dakika ya saba tu Senegal wamepata penalti, Mané kapiga, kipa Gabaski kapangua. Saa mbili na ushee amekimbia na mzigo huo. "Dakika hizi," jamaa yangu akasema, "kocha anapita katikati ya watu waliokaa kwenye nyasi. Asiyetaka kupiga utamjua, ghafla kamba za kiatu zimemlegea." Wa kwake mmoja, kama miaka kumi na mbili hivi, huzifunga mara tatu.

Koulibaly akafunga. Abdou Diallo akafunga. Bouna Sarr akapanguliwa. Bamba Dieng akafunga. Bamba Dieng akafunga. Mpigaji wa tano wa Misri ni Salah, amesimama katikati ya uwanja anangoja zamu. Na wa tano wa Senegal ni Mané. Palikuwa na wengine wa kutosha wa kupewa mpira ule, na asingelaumiwa mtu. Aliyekuwa benchi alijua penalti iliyokoswa inavyolala na mtu kitandani. Zilibaki siku nne tu itimie miaka ishirini ya kwake.

Mané akauweka mpira. Akapiga chini, kwa nguvu. Kibanda kizima kikasimama, benchi letu likapinduka, mtu akamwaga soda. Jamaa mwenye filimbi peke yake alibaki ameinama, anachungulia luninga kati ya migongo yetu, bado anangoja waonyeshe kocha. Walipomwonyesha alikuwa ameshazongwa na watu, zinaonekana rasta tu.