Kuionja Ngoma Kabla Haijalia

Siku ya proklamasio, yaani ya kutangazwa kwa matokeo, ua wa shule ya Kasongo, mashariki mwa Kongo, hauna kona tulivu. Mwaka wa masomo umekwisha, Julai ndiyo kwanza imeingia, na wazazi wamejaa tangu asubuhi. Jenereta inanguruma nyuma ya madarasa. Bafle zimeelekezwa kwa watu, na mikrofoni inatoa mluzi mkali kila msemaji anapoikaribia mno. Wanafunzi wanaonyesha mchezo wao: mlevi karudi usiku, mke anamsubiri mlangoni, jirani anajitia mwamuzi. Umati unaangua kicheko, halafu mwongoza sherehe anaamuru makofi ya mpangilio, na mamia ya viganja yanagonga pamoja. Majina yakianza kusomwa, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani na ndugu zake, akina mama wanapiga vigelegele, wadogo wanakimbizana wakiwa weupe mpaka kope.

Watoto wengi huisubiri siku hiyo mwaka mzima. Lakini yupo anayeziba masikio mara jenereta inapowashwa, anayejitupa chini poda ikimgusa shingo, anayelia makofi yakianza na asiyenyamaza hata yakiisha. Mama yake huambiwa amemdekeza. Penye ndimi kali zaidi hunong'onwa uchawi, na katika nchi yetu tunajua mnong'ono huo unaweza kumfikisha mtoto wapi. Kwa sababu hiyo nataka kuisifu, bila haraka, kazi ya wale wanaomwandaa mtoto wa namna hii mpaka akaweza kuketi mbele ya mchezo na kuufurahia. Kazi hiyo ina kanuni zake, ina mabingwa wake, na sehemu kubwa yake haihitaji umeme wala fedha.

A. Jean Ayres, mtaalamu wa utengamao aliyefanya kazi California, alitoa mwaka 1972 kitabu kuhusu jinsi ubongo unavyopanga habari zinazoletwa na milango ya fahamu. Hakuishia kwenye kusikia, kuona, kunusa, kuonja na kugusa. Aliongeza fahamu ya mizani ya mwili, na ile ya viungo na misuli inayotuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho. Mpangilio huo ukilegea, mshono wa shati huwasha siku nzima na mlio wa sufuria huingia kichwani mzimamzima. Mwaka 2013 mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani ulilitaja jambo hili miongoni mwa dalili za usonji, ingawa wako watoto wengi wenye fahamu kali hivyo wasio na usonji. Mwandaaji mzuri hashughulishwi sana na jina la hali. Anashughulishwa na jambo moja: sauti iliyotarajiwa huumiza kidogo kuliko sauti inayovamia. Ufundi wote umejengwa hapo.

Unaanza na kutazama. Wiki kadhaa kabla ya sherehe, mama anapita na mtoto sokoni, anaona ni wapi anapovuta kitenge chake. Je, ni kwenye kinu cha mihogo? Ni kwenye harufu ya samaki? Au ni pale watu wanapombana ubavuni? Majibu hayo hayafanani, na dawa zake hazifanani. Mtoto anayeumizwa na msukumano wa watu hasaidiwi kwa kuzibwa masikio. Mtoto mwingine fahamu zake ni nzito badala ya kali. Huyo anataka ngoma zaidi, ataisogelea mpaka atie kichwa ndani yake, na kumketisha mbali ni kumnyima. Nimewaona akina mama wanaoijua ramani hii ya mwana wao kwa undani ambao daktari angehitaji miezi kuufikia. Hawakuifundishwa popote. Waliikusanya jioni baada ya jioni, kwenye kuoga, kwenye kula sombe, kwenye kukataa nguo mpya.

Kinachofuata ni daftari. Carol Gray, mwalimu wa Michigan, alianza miaka ya mwanzo ya 1990 kuwaandikia watoto wenye usonji hadithi fupi za mambo yatakayowakuta. Aliziwekea sharti ambalo mimi naliona ni la mshairi hasa: sentensi zinazoeleza ziwe angalau maradufu ya zile zinazomwongoza mtoto la kufanya. Kwa Kasongo, hadithi kama hiyo ingeweza kwenda hivi, kila sentensi na picha yake iliyochorwa kwa kalamu ya wino:

Jumamosi tutakwenda shuleni kutazama mchezo. Jenereta itakuwa nyuma ya darasa, nayo itanguruma muda wote. Mlevi wa mchezoni ni mwanafunzi, amevaa koti la babu yake. Watu wakifurahi hupiga makofi. Makofi huanza ghafla, halafu huisha. Huenda mtu akamwaga poda. Nikitaka, naweza kuziba masikio. Mama atakuwa kando yangu.

Hakuna «usiogope» humo. Hakuna «watoto wazuri hukaa kimya». Mwandishi wa hadithi hii amekataa kumdanganya msomaji wake: hakuahidi kwamba poda haitamwagwa, wala kwamba itamwagwa. Amesema huenda, na mtoto anayeshika kila neno kama lilivyosemwa atakumbuka kwamba aliambiwa huenda. Sentensi ya makofi ndiyo ninayoihusudu zaidi. Kwa mtoto anayelia umati unapopiga makofi, la kutisha kuliko sauti yenyewe ni kutojua kama ina mwisho. Mtu amelijua hilo, akalimaliza kwa maneno matano: makofi huanza ghafla, halafu huisha.

Hadithi husomwa kila jioni, kwa sauti ileile, hata mtoto aanze kuikamilisha mwenyewe. Halafu miguu ifuate maneno. Mama anamwomba mwalimu ruhusa ya kuingia uani siku isiyo na watu; wanaketi pale watakapoketi, wanapima hatua kutoka hapo hadi kwenye mti wa kivuli. Kama mwalimu ni mwelewa, anawaruhusu kuja kwenye mazoezi. Hapa mila yetu ya mchezo inatusaidia. Mwaka 1986, kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi lilipotunga mchezo wake kuhusu mamlaka, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata tangu mazungumzo ya kwanza hadi siku ya kuuonyesha kijijini Kawama, akauandikia kitabu kilichotoka 1990. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Waliujenga mchezo kwa kuzungumza na kujaribu. Mazoezi ya wanafunzi wetu huwa hivyohivyo, na mtoto aliyeyaona amemwona mlevi akivua koti, akinywa maji, akicheka na rafiki zake. Sasa anajua ndani ya koti yumo nani.

Ngoma nayo ina saa yake ya kuonjwa. Kabla ya kupigwa, ngozi huoteshwa moto ili ikaze, na mpigaji huigonga kidogokidogo akiisikiliza. Mlete mtoto saa hiyo. Aweke kiganja juu ya ngozi yenye joto, aigonge yeye mwenyewe, mara moja, mara mbili. Mtetemo unapanda mkononi kabla mlio haujamfikia sikioni kwa ukali, na mkono ulioutoa ni wake. Mpigaji anayekubali kusubiri dakika hizo ni fundi mwenza wa kazi hii.

Ng'ambo, kazi hiyohiyo imepewa jumba zima. Oktoba 2011, shirika la Theatre Development Fund la New York lilikodi onyesho la The Lion King katika ukumbi wa Minskoff, Broadway, kwa ajili ya familia zenye watoto wenye usonji. Ni mchezo ambao simba wake anaitwa Simba na nyani wake Rafiki, na wanyama huingia wakipita katikati ya watazamaji. Familia zilipewa mapema hadithi yenye picha. Siku yenyewe sauti za kushtua zilipunguzwa, taa za kumweta zikatulizwa, sehemu za kupumzikia zikatengwa nje ya ukumbi, na waliojitolea wakasimama tayari kusaidia. Mchezo wenyewe haukukatwakatwa. Naipenda adabu hiyo kwa msanii na kwa mtoto: hakuna aliyedhani kwamba mtoto hawezi hadithi, ila milipuko michache ilisogezwa kando ili hadithi imfikie. London kuna kundi la Oily Cart, lililoanzishwa 1981, ambalo limekwenda mbali zaidi kwa kutunga michezo ya kuchezwa ndani ya mabwawa ya maji ya uvuguvugu na juu ya trampolini, kwa watoto ambao mwili wao ndio sikio lao kuu. Baadhi ya familia za Kikongo zilizopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, na sasa zinaishi Marekani hukaa katika miji ambamo maonyesho ya aina hii yapo. Ningetamani mama wa Kibangubangu, kabila la kwetu, aliyeko huko ajue kwamba anaweza kuuliza.

Siku ikifika, mambo madogo ndiyo hubeba uzito. Mtoto anakula mapema. Anavaa nguo iliyozoeleka, hata kama ndugu wanataka ang'ae. Anayetoka vijiji vya Kabambare amesukwasukwa juu ya pikipiki kwa saa nyingi katika vumbi, na mwili wake umekwisha kujaa kabla mchezo haujaanza. Huyo apumzishwe nusu siku, gizani na kimya. Viti vya mbele ni vya heshima, lakini kiti chake ni cha pembeni, mgongo ukutani, njia ya kutokea ikionekana. Kitenge kilichofungwa kichwani kwa kukaza hupunguza sauti na pia humpa ule mgandamizo ambao watoto wengi hawa hutulia nao. Mkononi awe na punje za mahindi za kuhesabu. Na wakubaliane ishara: akigusa mkono wa mama mara mbili, wanatoka, bila swali, bila aibu, wakapumue chini ya mti, na wakirudi warudi. Kutoka ni sehemu ya mpango. Mtoto anayejua mlango uko wazi hukaa muda mrefu zaidi kuliko anayeshikiliwa.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na hapa nasema kwa msisitizo. Anaweza kumpa mzazi ratiba mapema: wimbo, mchezo, hotuba, majina. Anaweza kumwambia mshika mikrofoni asimame mbali na bafle. Anaweza kutangaza kwamba poda ni baada ya majina yote, nje ya lango. Haya hayagharimu chochote.

Kwa Waislamu wa Kasongo, wenye dini na lugha iliyotia mizizi mjini tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefika 1875, jaribio kubwa zaidi huja na maulidi: usiku, dufu, sauti nyingi za watu wazima kwa pamoja, moshi wa udi chumbani. Mwandaaji aliyefaulu Julai hajifanyi kwamba maulidi ni jambo lilelile. Harufu ni mlango mwingine. Huanza upya na kijiti kimoja cha udi nyumbani, mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umerudishwa nusu. Na usiku wenyewe humpeleka mtoto mwanzoni, watu wakiwa bado wachache, akaondoka naye kabla hajachoka.

Kesho yake daftari hufunguliwa tena. Mama na mtoto wanapitia kurasa pamoja. Mlevi alikuwepo, kweli. Jenereta ilizimika katikati na kuwashwa tena. Hilo halikuandikwa, na ndilo lililomliza. Basi linaandikwa sasa, kwa picha ya jenereta na mtu anayevuta kamba yake: wakati mwingine jenereta hunyamaza, halafu huwashwa. Mtoto anachagua ichorwe upande gani wa ukurasa.