Ulimi Kwanza, Dhahabu Baadaye

Mnunuzi mgeni wa miswada ya kale ya Kiislamu hukimbilia dhahabu. Huitazama nakshi ya umbo la lozi katikati ya jalada, akaisifu, akatoa fedha. Mjuzi hukigeuza kitabu na kuutafuta ulimi.

Ulimi ni kile kipande kinachoendelea kutoka jalada la nyuma, kikakinga ukingo wa kurasa, na ncha yake ikaingia chini ya jalada la mbele. Dalili ya pili ya jalada la asili ni kwamba majalada hayazidi kurasa, kwa kuwa kitabu kililazwa rafuni, hakikusimamishwa. Vitabu vingi vilivyofika Ulaya vilijalidiwa upya kwa mtindo wa huko: ulimi ukaondolewa, uti ukatiwa matuta. Jalada likizidi kurasa, muuzaji aulizwe lilibadilishwa lini. Hata hivyo, kukosa ulimi si kasoro kila mara. Majalada ya Irani ya zama za nasaba ya Qajar, yale yaliyochorwa na kupakwa vanishi, mara nyingi hayana. Na misahafu ya kale ya Kairouan, Tunisia, ilitiwa katika visanduku vya mbao vilivyovishwa ngozi.

Kisha ufunguliwe mkunjo mmoja wa karatasi katikati, utazamwe uzi. Mshono wa asili mara nyingi hupita mahali pawili tu, kila mkunjo ukiungwa na wenzake kwa uzi uleule, bila kamba za kuushikilia. Ndiyo maana uti huwa bapa. Juu na chini ya uti kuna ukanda mwembamba uliofumwa kwa nyuzi za rangi mbili, mara nyingi za hariri, zikipandana kama mifupa ya samaki. Hapa lenzi ndogo husema kweli kuliko dalali. Ukanda halisi umefumwa juu ya kitabu chenyewe, na nyuzi zake huonekana zikishuka ndani ya mikunjo. Uliobandikwa kwa gundi ni wa juzi.

Matundu ya wadudu nayo ni mashahidi. Yakitoboa jalada zima yakakomea hapo, bila hata moja kuingia kwenye kurasa za mwanzo, aghalabu jalada hilo limetoka kitabu kingine.

Karatasi ikaguliwe kwa mwanga wa pembeni. Ile ya Mashariki ya Kati ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na katani, ikapakwa wanga, ikasuguliwa kwa jiwe au kioo hata ikang'aa, kalamu isikwame. Karatasi nyingine ikiinuliwa dhidi ya taa, huenda ikatokea alama ya maji: hilali tatu zilizopangana, alama ya viwanda vya Italia vilivyouza karatasi katika soko la Waosmani. Muswada wenye alama hiyo na tarehe ya karne ya 14 hauwezi kuwa wa karne hiyo. Si lazima mtu awe amedanganya, kwani wanakili wengine walinakili matini pamoja na tarehe yake.

Karatasi za Ulaya zilifika hata pwani yetu, na misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, iliandikwa juu yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imekwisha kupigwa picha za kidijitali. Picha huokoa maandishi, lakini mshono hauonekani humo. Basi familia yenye msahafu wa mababu isiutupe ulimi uliodondoka, wala isiubandike kwa gundi ya dukani. Ufungwe kwa karatasi isiyo na asidi, uwekwe pamoja na kitabu chake hadi apatikane mhifadhi.