Kusoma Ukoo wa Protini

Ng'oa shina la karanga huku Mkonze, Dodoma, mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea, ukung'ute udongo kwenye mizizi. Utaona vinundu vidogo vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu. Wekundu huo ni leghemoglobini, protini inayowapimia oksijeni bakteria wanaonasa naitrojeni, kwa sababu oksijeni ikizidi inaharibu kimeng'enya chao. Ni ndugu wa himoglobini ya damu yako, ingawa mmea na mtu waliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Hapo ndipo ninapoihusudu kazi ya wasomaji wa protini. Wanachukua globini, yaani protini za ukoo huo, ya karanga, ya ng'ombe, ya kuku na ya binadamu, wanazipanga mstari chini ya mstari, herufi moja kwa kila asidi amino, kisha wanashuka safu kwa safu. Nyingi zimebadilika mno. Safu moja inagoma: histidini, histidini, histidini, hadi chini. Ndiyo inayoshika chuma, na chuma ndicho kinachoshika oksijeni. Badiliko pale lina gharama kubwa, na uteuzi asilia umelifuta kizazi baada ya kizazi.

Safu isiyobadilika kabisa, hata hivyo, ni somo jepesi. Ustadi uko kwenye zile zinazobadilika kwa utaratibu. Mwaka 1996 Olivier Lichtarge, Henry Bourne na Fred Cohen, wakiwa San Francisco, walichapisha njia yao: chora mti wa ukoo wa protini, gawa matawi, tafuta nafasi zilizotulia ndani ya kila tawi lakini zinazotofautiana tawi hadi tawi. Zipake rangi kwenye umbo la protini. Zilizokuwa mbalimbali kwenye mnyororo, mnyororo ukijikunja, hukusanyika upande mmoja. Hapo ndipo pa kazi. Zikitawanyika, tia shaka. Na ukoo wenye ndugu wachache hausomeki vizuri.

Usomaji huu unafaa hata kwenye malaria. Mwaka 2020 Rwanda iliripoti, na Kagera kwetu pia kumeonekana, vimelea vya malaria ambavyo arginini ya nafasi ya 561 kwenye protini ya kelch13 imegeuka histidini, vikaanza kustahimili dawa ya artemisinini. Kelch13 hubadilika kidogo sana kati ya spishi za vimelea hivyo. Herufi moja ikigeuka pale, anayejua kusoma ukoo anashtuka mapema.

Hifadhi za data za protini, UniProt na PDB, ziko wazi, bila malipo. Ninyi mnaosoma baiolojia pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), msisubiri maabara ya mamilioni: pakueni globini ishirini, zipangeni, mzitafute wenyewe safu zisizoyumba.