Oili ya Rota

Injini ya rota ninayoisema hapa ni ile ya Felix Wankel, iliyonguruma mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1957, wala si ile ya kale iliyozunguka nzima pamoja na propela yake na kumrashia rubani mafuta ya nyonyo usoni. Mazda waliitia katika magari, na baadhi ya Wamarekani wanaojiundia ndege nyumbani wakaipenda ile iitwayo 13B: rota mbili, hakuna vali, hakuna pistoni. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ugomvi wangu ni jinsi wanavyoishughulikia oili.

Katika gari, pampu ndogo hunyonya oili kidogo kutoka kwenye sampu na kuiingiza katika chumba cha mwako, ili sili za ncha za rota zisisagike. Waundaji wengi huing'oa pampu hiyo, wakachanganya oili ya tu-stroki ndani ya petroli, kadiri ya sehemu 1 kwa 128, kama wafanyavyo wavuvi kwa mashine za boti. Hoja yao ina uzito: oili ya sampu haikutengenezwa ili iungue, nayo huacha majivu. Lakini kazi iliyokuwa ya pampu wameihamishia kwenye kumbukumbu ya rubani, aliyetua kiwanja cha ugenini na jua linakuchwa. Wale wanaoibakiza pampu na kuinywesha kutoka tangi dogo la pekee wamefikiri vema zaidi, ingawa tangi hilo nalo lataka kuangaliwa.

Hata hivyo, matone hayo yamepewa maneno mengi mno. Oili ya injini hii hupita ndani ya rota na kutoka na joto, takriban theluthi ya joto lote ambalo maji na oili hulazimika kuliondoa. Dereva hukanyaga hadi mwisho kwa sekunde chache tu. Ndege ikipaa hudai nguvu nyingi kwa dakika kadhaa, tena ikiwa katika mwendo mdogo, upepo wa kupoza ukiwa haba. Kisha unakuta rejeta ya oili imebanwa palipobaki nafasi, nyuma ya bomba lenye kona! Sili ikichakaa, mara nyingi injini huendelea kuzunguka kwa nguvu pungufu. Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi, presha hushuka, beringi huungua, na giaboksi ya propela, ambayo aghalabu hunywa oili hiyo hiyo, haina budi kufuata.

Ndiyo maana mchoro wowote wa namna hii naupima kwanza kwa kutazama hewa inaingilia wapi kwenye rejeta ya oili, na inatokea wapi. Habari za kuchanganya zaweza kungoja.