Ripoti ya DC Mezani pa Gredi ya Nne

Ripoti ya mwaka ya DC wa Meru, mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, haikuandikiwa mtoto wa miaka tisa. Ofisa mmoja alimwandikia mkubwa wake kwa taipureta, akaijaza mvua, kodi, kesi na uhamisho wa maofisa wenzake. Ndiyo sababu namvulia kofia mwalimu wa msingi anayeweza kuichukua karatasi kavu kama hiyo na kuigeuza somo la Masomo ya Jamii la dakika thelathini na tano, na kengele ikilia watoto bado wanabishana.

Kazi yenyewe huanzia mbali na darasa. Faili za ma-DC wa Meru na Embu zimehifadhiwa Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, pale ambapo nusu ya jiji hupeana miadi na wachache mno huingia ndani. Mwalimu hupekua faili nene kutwa nzima akitafuta ukurasa mmoja. Akiupata, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza: kuupunguza ubaki mistari sita.

Hapo ndipo fundi anapoonekana. Ukikata ovyo, DC anatokea kuwa malaika, au shetani, na vyote viwili ni uongo. Mwalimu hodari huiacha sentensi inayomsifu ofisa ikae pamoja na ile inayomuumbua. Hulainisha Kiingereza cha ofisini bila kulainisha jambo lenyewe. Tarehe haigusi, wala sahihi iliyo chini ya ukurasa, kwa sababu swali lake la kwanza litatoka papo hapo: nani aliandika haya, na alikuwa akimwambia nani?

Baada ya kuuliza, hunyamaza. Kunyamaza mbele ya watoto hamsini si jambo dogo, hasa ukijua mtihani unakuja na kitabu cha kiada kimeshakupa jibu la mstari mmoja.

Mwaka 1906 unafaa sana kwa kazi hii. Mwaka huo Waingereza waliivamia Embu kwa askari wenye bunduki, wakaweka kituo chao cha utawala. Nyaraka za serikali zinalisimulia tukio hilo kama kazi iliyotimizwa. Lakini Embu ina bahati ya pekee: mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alikaa na wazee, akayaandika masimulizi yao. Kitabu chake cha 1973 kuhusu Waembu na Wambeere kinakomea mwaka huohuo wa 1906, na mwaka uliofuata akachapisha maneno ya wazee wenyewe. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuweka karatasi mbili juu ya dawati moja, ya ofisa na ya mzee, kisha awaulize watoto: kila mmoja alikuwa amesimama wapi siku ile? Mtoto akijibu kwamba mmoja lazima ni mwongo, mwalimu hamkatizi. Humwambia aweke kidole kwenye mstari uliomfanya aseme hivyo.

Ukinitaka nichague karatasi moja tu ya kufundishia upande huu wa Mlima Kenya, nitachukua jalada la kitabu. G. St J. Orde Browne, aliyewahi kuwa ofisa wa utawala upande wa Embu na Chuka, alichapisha mwaka 1925 kitabu kuhusu watu wa miteremko hiyo, na katika jina la kitabu akawaita makabila yanayotoweka. Andika jina hilo ubaoni mbele ya watoto wa Chuka, halafu chini yake andika hesabu ya sensa ya 2019: Tharaka-Nithi watu 393,177, Embu 608,599. Kicheko hakikosi. Mwalimu wa kawaida angeishia hapo, amekwisha kushinda. Aliye fundi hungoja kicheko kiishe, kisha humtetea marehemu kidogo: huenda alikuwa anasema juu ya mila, si juu ya watu. Je, mila zipi alizoziona ambazo nyinyi hamjaziona? Sasa darasa linapaswa kufikiri upya, na wengine watalazimika kwenda kumuuliza nyanya.

Meru wanalo jengo la kusomea. Makumbusho ya Meru yamo katika nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1916 iwe ofisi ya DC, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1974. Watoto wakishuka kwenye basi la shule hutaka kuwaona nyoka wa makumbusho kwanza, na siwalaumu. Lakini kuna faida kuwasimamisha nje kwa dakika chache, wautazame ukuta na madirisha yake. Nyumba za mababu zao enzi hizo zilijengwa kwa vifaa gani? Nani aliingia kwa mlango huu bila kuitwa, na nani alingojea nje?

Kisha kuna nyaraka za nyumbani. Babu fulani bado ana kile kibweta cha bati cha kipande (cheti cha kazi cha enzi za ukoloni), ambacho mwanamume alilazimika kukivaa shingoni kwa kamba kuanzia miaka ya 1919 na 1920. Karatasi iliyokaa ndani ilibeba alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Mtoto akiisoma huona kwamba kila kitu kimeandikwa na bwana. Mwenye kipande hakupewa nafasi ya kuandika lake. Kwingine hupatikana stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika, na zina uzito wake, maana Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo sehemu ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa mapema kulima kahawa, katika miaka ya 1930.

Mwalimu mwenye busara hakubali karatasi hizo ziletwe shuleni. Zitaloa, zitapotea, na mzee hatamsamehe mtu. Anachotaka ni mtoto akae nazo nyumbani, anakili maneno yaliyomo, achore muhuri, aulize ilipatikana vipi. Wakati wa kusahihisha, maksi haziendi kwa mwenye hadithi tamu. Zinakwenda kwa yule anayeonyesha ni mstari upi umemwambia hivyo, na anayetenga katika daftari lake kilichoandikwa kwenye karatasi na kile alichoambiwa na babu.